Sukari Ilipanda Ukiwa Mja Mzito? Jipime Hata Baada ya Kujifungua

Na Daktari Wetu

Mama mmoja anayefanya kazi katika duka la nguo karibu na Barabara ya Biashara, katikati ya jiji la Nairobi, na ambaye anaishi Uthiru, ameniletea swali ambalo nimelisikia kwa njia nyingi katika miaka ninayotibu. Alipokuwa na mimba ya miezi saba alipatikana na sukari nyingi katika damu. Aliagizwa apunguze vyakula vya wanga na akafuata maagizo hayo. Alijifungua salama, sukari ikapimwa kabla hajatoka wodini, na muuguzi akamwambia, "Mama, sukari imeisha. Nenda ulee mtoto."

Sasa mtoto ana mwaka mmoja na miezi miwili. Majuzi mama huyo aliingia duka la dawa mjini asubuhi kabla ya kunywa chai, akadungwa kidole, na mashine ikaonyesha 6.4. Mwenye duka alimwambia hilo si neno. Jirani yake, ambaye amekuwa na kisukari kwa miaka mingi, akamwambia kwamba ugonjwa umekwisha kumwingia na atafute tembe mara moja. Anauliza, ni nani kati yao asemaye kweli?

Wote wawili wamekosea. Sukari ya 6.4 kabla ya kula si kisukari. Lakini pia si sukari ya kawaida. Iko katikati, mahali ambapo madaktari hupaita hali ya kabla ya kisukari, na kwa mwanamke ambaye aliwahi kupata kisukari cha uja uzito, mahali hapo si pa kupita na kwenda zako. Kwanza lakini ni sharti kipimo hicho kithibitishwe katika maabara, kwa maana mashine ya kidole ni ya kuonyesha njia tu. Haiwezi kutoa hukumu.

KONGOSHO ILIFANYIWA MTIHANI

Ili kuelewa jambo hili yafaa tukumbuke kinachotokea wakati wa mimba. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutoa homoni ambazo huzuia insulini ya mama kufanya kazi yake sawasawa. Insulini ndiyo inayofungulia sukari mlango iingie katika misuli na kutumika. Kadiri mimba inavyokua ndivyo homoni hizo zinavyozidi, na ndiyo sababu kipimo cha sukari kwa akina mama waja wazito hufanywa hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kongosho ya mama inalazimika kutoa insulini nyingi zaidi ya kawaida. Kwa wanawake wengi inaweza. Kwa wengine inashindwa, na sukari inabaki katika damu.

Mtoto akizaliwa, kondo hutoka, homoni hizo hupungua upesi, na aghalabu sukari hushuka katika saa au siku chache. Basi muuguzi wa wodini hakudanganya. Lakini kile kipimo cha wodini kinaeleza habari za siku ile tu. Kongosho ilifanyiwa mtihani mgumu ikaonyesha udhaifu wake, na udhaifu huo hautoki pamoja na kondo. Umri unapoongezeka, kilo zikiongezeka, au mimba nyingine ikija, mtihani unarudi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet, ambao ulikusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kuwa mwanamke aliyepata kisukari cha uja uzito yuko katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 kuliko yule ambaye sukari yake haikupanda. Hesabu mpya ya mwaka 2020 katika jarida la Uingereza la BMJ ilipandisha hatari hiyo ikawa karibu mara 10. Hii haina maana kwamba kila mmoja wao atakuwa mgonjwa. Wengi hawawi wagonjwa. Ina maana kwamba mama kama huyu ni miongoni mwa watu wachache ambao tunaweza kuwatambua miaka mingi kabla ya maradhi, tukitaka.

Na hapo ndipo penye tatizo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza uligundua kuwa karibu watu wazima 9 kati ya 10 humu nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao. Mama aliyepimwa akiwa mja mzito amekwisha kupata bahati ambayo wengi hawana. Ni hasara kubwa kuiacha habari hiyo ibaki katika karatasi ya kutokea hospitali.

NAMBARI NA MAANA YAKE

Hapa Kenya sukari huandikwa kwa milimoli katika kila lita ya damu. Ukipimwa kutoka mshipa wa mkono kabla ya kula, 7.0 na kwenda juu ni kisukari. Shirika la Afya Duniani husema hali ya kabla ya kisukari ni kuanzia 6.1 hadi 6.9, ilhali Wamarekani huanza mapema zaidi, kwa 5.6. Ndiyo sababu karatasi ya maabara moja mjini inaweza kukuambia uko salama na ya maabara nyingine ya Westlands ikapiga nyota kando ya nambari ile ile. Ukiwa na historia ya kisukari cha uja uzito, usibishane na nyota hiyo. Ipeleke kwa daktari.

Kipimo kilicho bora kwa mama aliyejifungua karibuni ni kile cha kunywa glukosi. Unalala bila kula kwa saa zisizopungua 8 (maji yanaruhusiwa, na kunyonyesha hakuzuiwi), damu inatolewa, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyokorogwa katika maji, kisha unaketi kwa saa 2 na kutolewa damu tena. Ikiwa baada ya saa hizo 2 sukari iko kati ya 7.8 na 11.0, hiyo ni hali ya kabla ya kisukari. Ikiwa ni 11.1 au zaidi, ni kisukari. Mtu asiye na dalili hupimwa mara ya pili kabla ya kuitwa mgonjwa. Wengi hukichukia kipimo hiki kwa sababu kinachukua muda na maji yale ni matamu kupita kiasi, lakini huwanasa akina mama ambao sukari yao ya asubuhi ni nzuri, kumbe baada ya chakula inapaa.

Kuna pia kipimo cha HbA1c, kinachopendwa siku hizi kwa kuwa hakihitaji kufunga. Hupima sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu kwa muda wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 kwa mia ni hali ya kabla ya kisukari, na 6.5 kwenda juu ni kisukari. Nakipenda, lakini nakionea shaka katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Mama aliyepoteza damu nyingi ana chembe changa ambazo hazijakaa na sukari muda wa kutosha, na jibu huwa chini kuliko ukweli. Mwenye upungufu wa madini ya chuma anaweza kupata jibu lililo juu kuliko ukweli. Isitoshe, wapo waliorithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja bila kuwa wagonjwa, hasa watu wenye asili ya kandokando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani, na kwao kipimo hiki huweza kupotosha. Kangemi na Kawangware zimejaa watu wa asili hizo. Mwambie daktari kama kuna selimundu katika jamii yenu.

Jambo moja dogo ambalo halisemwi: chembe za damu huendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya chupa. Damu iliyotolewa saa 2 asubuhi katika kliniki ndogo ya mtaani, ikasubiri mpanda pikipiki, kisha ikakwama katika msongamano wa magari kwenye Barabara ya Waiyaki hadi saa 6, inaweza kufika maabara ya mjini ikiwa na sukari pungufu, na wewe ukapewa habari njema isiyo ya kweli. Uliza kama damu inapimwa papo hapo. Ikiwa inapelekwa mbali, iwekwe katika chupa yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ina dawa ya kuzuia sukari kuliwa, na isicheleweshwe. Mhudumu mwema hatakasirika kuulizwa.

KITABU CHA MTOTO KINA TAREHE, MAMA HANA

Madaktari wanashauri mama aliyepata kisukari cha uja uzito apimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, halafu kila baada ya mwaka 1 hadi 3 maisha yake yote, hata kama jibu la kwanza lilikuwa zuri. Aliye katika hali ya kabla ya kisukari apimwe kila mwaka. Si ushauri mgumu. Lakini ni wangapi hurudi?

Mtazame mama wa Kawangware aliyejifungua. Wengine hupelekwa mashambani kwa mama zao kupumzika. Wengine hurudi kazini upesi kwa kuwa kibarua hakina likizo. Kliniki ya kisukari ni ya siku fulani, foleni yake imejaa wazee, na hakuna pa kumweka mtoto. Yeye mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Nani angeamka alfajiri bila chai akapande matatu namba 46 kwenda kupimwa kitu ambacho aliambiwa kimeisha?

Hata hivyo mama huyo huyo hakosi tarehe ya sindano ya mtoto. Kile kitabu cha mama na mtoto anakitunza kuliko kitambulisho. Chanjo huwa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9, kisha mwaka mmoja na nusu. Angalieni tarehe hizo. Wiki ya 6 na ya 10 zinaingia sawasawa katika muda ambao mama mwenyewe anatakiwa apimwe sukari. Anaketi kwenye benchi la kituo cha afya, mtoto anapimwa uzito, anadungwa, anaandikiwa, na mama anarudi nyumbani bila hata kuulizwa habari zake. Siwalaumu wauguzi, ambao kila mmoja ana akina mama wengi wa kuhudumia kabla ya saa sita. Nalaumu mpango unaomwona mama kama mbebaji wa mtoto.

Ushauri wangu kwa hiyo ni huu. Andika kwa kalamu, kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho, maneno haya: "Nilikuwa na kisukari cha uja uzito." Andika pia mwaka. Siku ya chanjo ya wiki ya 6 nenda bila kula, beba chakula chako katika mkoba, na ukifika mwambie muuguzi kabla hajaanza kazi: "Sista, nilikuwa na kisukari cha mimba, naomba nipimwe sukari leo au niandikiwe barua ya kwenda kupimwa." Ikiwa kituo hakina kipimo cha glukosi, sukari ya kabla ya kula ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Kama wiki ya 6 imepita, kuna ya 10. Kama zote zimepita na mtoto sasa anakimbia, kama yule wa mama wa Uthiru, basi leo ndiyo tarehe yako.

Kuhusu gharama, bima ya NHIF iliondolewa Oktoba 2024 na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Aliyejisajili hulipiwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, lakini uliza kwanza dirishani kama kipimo chako kimo. Kituo kikikuelekeza Mbagathi au Kenyatta, ambako kuna kliniki ya kisukari, dai barua ya rufaa yenye nambari zako zote. Usikubali kuambiwa "rudi ukiugua". Jibu kwa heshima kwamba umekuja ili usiugue, na uliza kama kuna mtaalamu wa lishe. Hospitali nyingi za serikali wanaye, na mlango wake aghalabu hauna foleni ndefu kama wa daktari.

MIMBA INAYOFUATA

Wengi hudhani hatari ni ya uzeeni. Mimi naogopa zaidi mimba inayofuata. Viungo vya mtoto, moyo na uti wa mgongo, huanza kuumbwa katika wiki 8 za kwanza, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua vizuri kwamba ni wajawazito. Ikiwa hali ya kabla ya kisukari imegeuka kisukari kimyakimya, sukari nyingi ya wiki hizo inaweza kumharibu mtoto viungo au kusababisha mimba kutoka. Halafu mama huyo anakuja kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, kama ilivyo desturi yetu ya kungoja tumbo lionekane. Wakati huo madhara yamekwisha kutendeka.

Basi mwanamke mwenye historia hii asiache njia ya kupanga uzazi kabla ya kupimwa sukari. Zungumzeni na mume jambo hilo mapema. Anza tembe za asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, na ukikosa hedhi nenda kliniki mwezi huo huo ukaseme ulivyokuwa mara ya kwanza.

YANAYOWEZA KUFANYWA

Habari njema ni kwamba hali ya kabla ya kisukari hurudishwa nyuma. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwachukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali hiyo. Waliopunguza uzito kwa kadiri ya asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kati ya wanawake waliowahi kupata kisukari cha uja uzito, njia zote mbili zilipunguza hatari kwa karibu nusu. Mama wa kilo 80 basi haombwi awe mwembamba kama msichana wa shule. Anaombwa kilo 5 na nusu hivi, na si kwa mwezi mmoja.

Kuhusu mazoezi, sitawahubiria wanaotoka Kawangware kwa miguu kila asubuhi kwenda kazini Lavington. Hao wametimiza dakika 150 kabla ya Jumatano. Nawaambia wale wanaoketi ndani ya gari Westlands hadi mjini, wakaketi ofisini, wakaketi tena jioni. Shuka vituo viwili kabla. Mbebe mtoto mgongoni mkatembee Arboretum Jumamosi.

Kwa chakula, tuanzie kwenye kikombe. Mama anayenyonyesha huambiwa na kila mgeni anywe chai na uji ili maziwa yaje. Vikombe vitano vya siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya chai vya sukari, ni vijiko 15, yaani kama gramu 60. Hakuna tembe itakayoshindana na hiyo. Maji na chai isiyo na sukari huleta maziwa vilevile. Mama mkwe akija na chupa ya uji mtamu, mshukuru, na mwambie, "Mama, daktari ameniomba usitie sukari." Nimeona likitajwa jina la daktari ugomvi hupungua.

Vyakula vya kwetu si adui. Njahi, ambazo Wakikuyu huwapikia waliojifungua tangu jadi, ni chakula kizuri mno kwa mwenye shida hii, na githeri yenye maharagwe mengi hupandisha sukari polepole kuliko ugali wa unga uliokobolewa au mkate mweupe. Sukuma, managu, kunde na terere zijaze nusu ya sahani, omena au mayai robo, na ugali robo. Chapati isiwe ya kila jioni. Vibanzi vya kioskini na soda ya saa nne naomba viachwe kabisa. Lakini si lazima upike sufuria mbili. Familia nzima ile chakula hiki, kwa maana hata yule mtoto yuko katika hatari ya unene na kisukari akikua.

Kunyonyesha nako husaidia. Wanawake waliopata kisukari cha uja uzito na wakanyonyesha zaidi na kwa muda mrefu wameonekana kupata kisukari kwa uchache kuliko wasionyonyesha.

Dawa ya metformini ni nzuri, ya zamani na ya bei nafuu, na kwa baadhi ya wanawake hawa daktari ataiandika, hasa kama sukari inazidi kupanda licha ya juhudi. Lakini kwanza figo zipimwe. Usinywe tembe za mama yako wala za jirani, kwa sababu huenda si metformini bali zile zinazoweza kuishusha sukari ghafla ukaanguka. Na wale wanaouza unga na majani ya kuponya kisukari katika vituo vya basi mjini, waulize kilichomo. Hawatakuambia.

Mwisho, ziko dalili ambazo hazingoji miadi: kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo usiku kucha, kupungua kilo bila kutaka, macho kuona ukungu, na kuwashwa sehemu za siri kunakorudi kila mara. Ukiziona, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Zikiandamana na kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huo.